Mpendwa Mteja

Amri ya kwanza ilikuwa rahisi: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini Ijumaa, Machi 13, 2020, na kabla ya mwezi kuisha hata watoto walikuwa wameikariri. Kitale na Bungoma tuliisikia kwa Kiswahili kila saa, na Sulwe FM ikaipeleka kwa Kibukusu hadi vijijini. Hakuna aliyeweza kusema haikumfikia. Ila mitaani watu waliuliza swali ambalo redio haikujibu: yatiririke kutoka wapi?

Mimi nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliorudishwa nyumbani Rais Uhuru Kenyatta alipofunga shule na vyuo wiki hiyo. Chuo kilipofunguliwa sikurudi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilianza kusoma matangazo ya huduma jinsi wengine wanavyosoma magazeti: maji yatakatika wapi, stima itapotea saa ngapi, soko gani limefungwa, matatu ya abiria kumi na wanne ibebe wanane tu. Mengi yalianza kwa maneno mawili: "Mpendwa mteja."

Mteja ni nani? Chukua ploti ya kawaida Tuwani, vyumba kumi vinavyotazamana, bomba moja uani. Mita ni moja, na jina kwenye bili ni la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Eldoret. Yeye ndiye mteja. Watu arobaini wanaokunywa maji yale hawamo kwenye daftari lolote. Ukisogea hadi pale ambapo hakuna bomba kabisa, anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni hatambuliwi hata kidogo. Tangazo linamjua anayelipa bili. Anayeishi pale halimjui.

Hili halikuanza na korona. Kanuni za mwaka 2020 zilitungwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Miaka mitatu kabla yake, Septemba 1918, homa ya mafua iliyozunguka dunia iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda reli hadi bara pamoja na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Watafiti wamekadiria kwamba iliua watu wapatao 150,000 nchini.

Sasa jiulize miji yetu ilikuwa wapi wakati huo. Kitale ilikuwa kwenye ardhi ya walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza, wanajeshi Wazungu waligawiwa mashamba Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Waafrika, wengi wao Wabukusu, walikuwepo kama maskwota na vibarua. Mji ulijengwa ukiwahesabu kama mikono ya kazi. Bungoma nayo ilikuwa upande wa pili wa mpaka ule, ndani ya hifadhi ya Waafrika, ikikua pembeni mwa stesheni ya reli ya kwenda Uganda, hadi ilipofanywa makao ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza mwaka 1956. Mji mmoja ulipangiwa wakaaji wachache, mwingine haukupangiwa mengi.

Na bado, korona ilipokuja, miji hiyo miwili ilikuwa inahudumiwa na kampuni moja ya maji, Nzoia Water, pamoja na Webuye na Kimilili. Mabomba yaliunganisha kile ambacho ukoloni ulitenganisha. Kinachonishangaza hadi leo ni jiografia. Kitale iko katikati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, vyanzo viwili kati ya vitano vikuu vya maji nchini. Tunaishi chini ya tangi la Kenya tukibeba mitungi. Wala si kwamba hakuna aliyewahi kuliona hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika linaloitwa sasa Practical Action lilikaa chini na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa kupanga habari za maji na vyoo. Walianza kwa kuuliza nani anaishi wapi, swali ambalo bili haiulizi.

Shangazi yangu wa Bungoma, anayeuza mboga na kuishi Mandizini, alinisikiliza nikimsomea maagizo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Baba, hizo sekunde ishirini umezipima kwa maji ya nani?"

Nikapiga hesabu. Tuseme nusu lita kila unaponawa, mara kumi kwa siku, watu sita nyumbani. Hizo ni lita thelathini, yaani mtungi mmoja na nusu. Kwa shilingi ishirini alizokuwa analipa kwa mtungi, ni shilingi thelathini kila siku, na thelathini ndiyo sukuma ya chakula cha jioni. Hakuwa anabisha. Alikuwa anapanga bajeti. Kafyu nayo, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilimla saa zile hasa ambazo mtu wa soko hujidamka kutafuta mzigo.

Wakati huo huo mtungi ukaingia kwenye habari. Aprili 2020 yalizuka madai kwamba serikali ya kaunti ya Bungoma ilinunua mitungi ya lita 20 ya kunawia kwa Sh10,000 kila mmoja. Kaunti hii ilikuwa imeshajulikana nchi nzima kwa wilbaro za Sh109,320 moja, za mwaka 2015, kwa hivyo vichekesho vilijiandika vyenyewe. Shangazi hakucheka. Alisema kwa pesa hizo angenunua maji ya kunawa karibu mwaka mzima, na nilipohesabu nikakuta ana haki.

Julai, mpango wa Kazi Mtaani ulipopanuliwa nchi nzima, vijana walianza kufagia na kuzibua mitaro kwa Sh455 kwa siku, malipo kwa M-Pesa. Siusifu sana, ilikuwa pesa kidogo na ya muda. Ila ili walipwe ilibidi waandikwe: jina, kitambulisho, nambari ya simu, mtaa. Marafiki zangu ambao hawajawahi kuwa na mita wala bili walipata ujumbe uliowataja kwa majina yao.

Vituo vya kunawia vimebaki vichache. Mtungi mmoja wenye bomba uko bado nje ya kinyozi Tuwani. Siku hizi umejaa sharubati, kikombe shilingi kumi, na mwenye kinyozi huyajaza maji ya kunawa kwenye debe la rangi lililo kando yake, kwa anayetaka.