Ngumbaru ng'ambo ya kisiwa: watu wazima na kiu ya cheti Mombasa bara

Kengele ya Freretown ingali inaonekana kando ya barabara pale Kengeleni, ukishavuka Daraja la Nyali kuelekea Kisauni. Wazee husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu kila majahazi ya watumwa yalipoonekana baharini. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba mtaa huo ni miongoni mwa mahali pa mwanzo katika Kenya ya leo ambapo watu wazima, si watoto peke yao, walikaa chini kufundishwa kusoma na kuandika kwa herufi za Kirumi. Tangu wakati huo hadi leo, watu wazima wa Kisauni, Likoni na Changamwe hawajahitaji kushawishiwa waipende elimu. Walichokosa ni njia ya kuwatoa kwenye herufi hadi kwenye cheti. Kila mara njia hiyo ilipofunguliwa, ilifunguliwa nusu.

Kusoma kabla ya shule

Pwani ilijua kuandika zamani, kabla ya misheni. Mtoto alipelekwa chuoni akasome Kurani, na mtu mzima alihudhuria darsa msikitini baada ya sala. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndivyo tungo za Muyaka bin Haji zilivyotufikia: Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzifafanua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor.

Mwaka 1875 shirika la misheni la CMS lilianzisha Freretown kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Waafrika ambao wao wenyewe waliwahi kutekwa, wakakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wawili kati yao, na mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi. Mtu aliyefika hapo bila ukoo wala shamba alijifunza kusoma pamoja na mafundisho ya ubatizo, na baadhi wakajifunza ufundi. Mwaka 1903 Freretown ilianzisha chuo cha kuwaandaa wahudumu wa kanisa. Chuo hicho kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Upande wa Waislamu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuwahimiza wenzake wasome elimu ya dini na ya dunia, wanawake wakiwamo. Wakati huo herufi za Kirumi zilikuwa zimekwishashika ofisi. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vya shule vikachapishwa kwa herufi hizo. Mzee aliyeweza kusoma barua ndefu ya Kiarabu alifika dirishani kwa karani akaambiwa atie dole gumba.

Bandari inadai karatasi

Kilichoyafanya maandishi kuwa suala la mkate ni kazi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na gati za maji marefu za Kilindini zikafunguliwa mwaka 1926. Daraja la kuelea la Nyali lilikuja mwaka 1931, na huduma ya feri ya Likoni mwaka 1937. Bara ikawa makazi ya vibarua. Alfajiri walivuka kwenda kutafuta kazi ya siku, na jioni wakarudi na ujira wa siku.

Januari 1947 karibu wafanyakazi 15,000 waligoma mjini kudai mishahara bora. Katika miaka ya 1950 serikali na waajiri walianza kuiondoa kazi ya kibarua bandarini na kuandikisha wafanyakazi wa kudumu. Lilikuwa jambo jema kwa aliyepata nafasi. Lakini mwajiri anayeandikisha watu huweka faili, na faili huuliza umesoma hadi wapi. Mbeba magunia na karani wa kuhesabu mizigo walisimama kwenye gati moja, jua moja likiwapiga. Tofauti yao ilikuwa penseli, na kwa penseli hiyo karani alisoma alama iliyo ubavuni mwa gunia, akaiandika daftarini, akalipwa zaidi. Yalipokuja makontena katika miaka ya 1970, kazi za misuli zilizidi kupungua, nazo za mashine na karatasi zikaongezeka.

Kampeni ya 1978

Kenya huru ilitunga sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Msukumo mkubwa ulikuja Desemba 12, 1978, Rais Daniel arap Moi alipotangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika katika muda wa miaka mitano. Mwaka uliofuata idara maalumu iliundwa, walimu wakaajiriwa, na zaidi ya watu 400,000 wakajiandikisha nchi nzima, wengi wao wanawake.

Darasa la ngumbaru, yaani la watu wazima, mtu wa Mombasa hulijua. Hukaa alasiri, mama akishauza mahamri yake, akishapika na kufua, na watoto wakishatoka darasani. Madawati ni ya watoto wa darasa la pili, kwa hiyo mtu mzima hukaa upande, leso ameikaza kiunoni na kalamu ameibana kama sindano. Kitu cha kwanza anachotaka ni kuandika jina lake. Akishalipata, hulirudia ukurasa mzima.

Baada ya jina, nini? Hapo ndipo kampeni ilipokwama. Lengo la serikali lilikuwa mtu ajue kusoma na kuandika. Lengo la mwanafunzi, hasa kijana wa Changamwe au Mtongwe aliyeacha shule kwa kukosa karo, lilikuwa cheti cha kumwombea kazi. Bajeti zilipobanwa katika miaka ya 1980 na 1990, madarasa yalipungukiwa na walimu na wanafunzi wakatawanyika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima wa Kenya, yaani milioni 7.8, hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kusoma na kuandika.

Mlango mmoja kwa mtoto na mzazi

Marekani ilianzisha mtihani wa GED mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioacha shule, na hadi leo mtu mzima huko anaweza kupata cheti kinacholingana na cha sekondari bila kurudi darasani na watoto. Kenya ilichagua njia nyingine. Mtu mzima alifanya mtihani uleule wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985, na hufanya uleule wa sekondari, KCSE, ulioanza mwaka 1989, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba cheti cha mtu mzima hakina unyonge. Ni kilekile cha mtoto wa shule ya bweni. Uzito wake ni kwamba anatakiwa kuwa na angalau masomo saba, na sayansi zenye majaribio ya maabara, ilhali yeye hana maabara. Kwa miaka mingi serikali imewalipia ada ya mtihani watahiniwa wa shule, lakini wa kujitegemea amejilipia mwenyewe. Anayefanya kazi kwa zamu bandarini au viwandani hukosa vipindi kila zamu inapobadilika.

Ushahidi wa jinsi muda ulivyo muhimu uko katika gereza la Shimo la Tewa, karibu na daraja la Mtwapa. Katika gereza hilo wafungwa wamefanya KCPE na KCSE, wenye elimu wakiwafundisha wenzao. Wana kitu ambacho kuli wa Kilindini hana: saa za kusoma zinazojulikana na mwalimu aliye karibu. Ni aibu kwetu kwamba aliye huru hapewi hayo.

Sasa mlango wenyewe unabadilishwa. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 ili kupisha mtaala mpya, na kundi lake litamaliza KCSE mwaka 2027. Mama wa Likoni aliyeachia darasa la sita anahitaji kujua leo ataingilia wapi katika mtaala mpya, nani atampima, na karatasi atakayopewa itatambuliwa na mwajiri gani. Wizara, baraza la mitihani na kaunti zina wajibu wa kumjibu kabla ya mwaka huo: madarasa ya jioni yanayofuata zamu za kazi, kituo cha mtihani kila upande wa maji, ada isiyomzidi uwezo, na cheti chenye hadhi sawa na cha mtoto wake. Freretown iliwapokea watu wazima waliokuja mikono mitupu ikawafundisha. Taifa lenye vyuo vikuu haliwezi kufanya pungufu ya hapo.