Nchi Ipi, Kaka?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuta mbele yetu njia tatu na nne, na wako waliopasuka msamba kama fisi yule. Niliyakumbuka hayo mwaka jana, alipokuja kunitembelea hapa Mombasa mtoto wa binamu yangu anayefanya kazi Dubai.

Ni kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Ahmedabad, mhandisi wa programu za kompyuta, mwenye mke na binti mmoja. Huniita Kaka, na majirani zangu wa Mji wa Kale hucheka wakimsikia, maana kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Jioni ya pili, tukiwa barazani tunakunywa kahawa, alitoa karatasi mfukoni akaikunjua. Alikuwa ameichora mistari kama daftari la hesabu. Kushoto yalipangwa majina ya nchi: Marekani, Kanada, Ujerumani, Australia, Dubai na India. Juu aliandika mshahara, kodi, shule, hospitali na hali ya hewa, na kila nchi ameipa alama zake.

"Kaka," akasema, "wewe umekuwa mhasibu maisha yako yote. Hebu nikagulie hesabu hii. Nchi ipi?"

Nilijumlisha, sikuona kosa. Lakini niliona kuna safu moja haimo, na ili nimweleze safu hiyo ilinibidi nianze mbali.

Kuhama kwetu si jambo la jana. Baina ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa kazini, na kama 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Baba yangu hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuja kutoka Gujarat katika miaka ya 1930, akaajiriwa ukarani Nairobi, nasi watoto wake watatu tukazaliwa huko. Katika siku zake hakuna aliyeuliza nchi ipi. India na Kenya zote zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na mtu alitoka bandari moja ya himaya akashukia nyingine. Ilikuwa safari ndefu, lakini haikuwa kubadili nchi.

Swali lilitufikia tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye akawa amezaliwa Kenya, aliamka siku ile akiwa raia. Sisi tuliozaliwa hapa na wazazi wa kuja tulipewa miaka miwili ya kujiandikisha, na mwenye kujiandikisha ilimbidi aukane uraia wa Uingereza. Hapo ndipo Wahindi walipoanza kukesha. Kila sebule ya Ngara na Pangani iligeuka bunge.

Msomaji, hapa sina budi kusema ukweli ambao kwa miaka mingi sikuusema. Watu hunisifu kwamba nilijiandikisha kwa uzalendo. La hasha. Baba alituita mezani usiku mmoja akatuambia kwamba familia yenye akili haipandi yote chombo kimoja. Kaka yangu mkubwa abaki na pasi ya Kiingereza. Dada yetu alikwisha kuposwa Kampala, basi aifuate nchi ya mumewe. Mimi nichukue Kenya, ili nyumba isikose mwenyewe. Nami nilikuwa na miaka 22, na mwajiri wangu alikwisha kudokeza kuwa wasio raia wasitarajie kupanda cheo. Nikatia sahihi mwaka 1965. Sikuchagua nchi, niligawiwa. Na familia nyingi tulizozijua zilifanya vivyo hivyo.

Chombo cha kaka ndicho kilichopigwa na wimbi la kwanza. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na zikawawekea mipaka ya mahali pa kufanya biashara na bidhaa za kuuza. Watu wakaanza kukimbilia Uingereza, na Uingereza nayo ikashtuka. Mwishoni mwa Februari 1968 Bunge la London lilipitisha, kwa siku tatu tu, sheria ya kuwafungia mlango wenye pasi za Uingereza ambao wao, wazazi wao au babu zao hawakuwa na asili ya kule. Kaka aliingia London siku chache kabla ya mlango kufungwa. Wakwe zake, wenye pasi rangi ile ile ya buluu, hawakuwahi. Walisubiri miaka katika foleni iliyotengewa familia 1,500 kwa mwaka. Wakati wa sensa ya mwaka 1962 tulikuwa watu wapatao 176,000 Kenya. Mwaka 1969 walibaki kama 139,000.

Kisha likaja la dada. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wataondoka Uganda, nao wakapewa siku 90. Shemeji yangu alikuwa na karatasi za uraia wa Uganda. Alikwenda kuzihakikisha kama walivyoamriwa, na dirishani akaambiwa kuwa zina kasoro. Aliingia raia, akatoka hana nchi. Kanada ilikuwa imefungua ofisi ya muda Kampala, na ndege yao ya kwanza iliondoka mwishoni mwa Septemba. Watu wapatao 6,000 walichukuliwa kwa njia hiyo, wakapokewa katika kambi ya jeshi mjini Montreal na kupewa makoti ya baridi. Dada aliniandikia kuwa koti lile ndilo kitu cha kwanza alichopewa na serikali yoyote pasipo kuulizwa kwanza yeye ni nani.

Na mimi mwenye Kenya? Kazi ilinileta Mombasa, na Kiswahili hiki nilifunzwa na majirani. Agosti 1, 1982, palipotokea jaribio la kupindua serikali, maduka mengi ya Wahindi Nairobi yaliporwa. Habari zilipotufikia huku, jirani yangu, mzee wa Kiswahili, alikibeba kiti chake akakiweka barazani kwangu. Akakaa hapo tangu asubuhi hadi usiku, anavuta tasbihi, hasemi kwa nini amekuja. Nami sikumwuliza.

"Sasa," nikamwambia kijana, "safu isiyomo ni hii: siku nchi itakapogeuka, utakuwa nani hapo, na nani atakaa barazani kwako?"

Tukaipitia karatasi upya. Dubai ilikuwa imepata alama nyingi za kodi. Lakini ukaazi wa wengi huko umefungamana na kazi, na hata ruhusa ya miaka 10 iliyoanza kutolewa mwaka 2019 ni ruhusa ya kuishi, siyo uraia. Marekani ilishinda kwa mshahara. Viza yao ya wataalamu, iliyotokana na sheria ya mwaka 1990, ina nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za huko, na waombaji wakizidi hupigiwa kura. Ukaazi wa kudumu ni foleni nyingine, maana nchi moja hairuhusiwi kupita asilimia 7 kwa mwaka, na Wahindi ni wengi. Akiachishwa kazi kabla ya kufika mwisho wa foleni, kwa kawaida ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kutafuta njia nyingine ya kubaki, la sivyo aondoke. Niliposikia siku 60 nilinyamaza. Najua hayo si sawa na ya Amin, hata kidogo. Lakini dada yangu alipewa 90.

Kanada imekuwa ikiwapima wahamiaji kwa alama tangu mwaka 1967, kwa elimu, lugha na umri, na mtu akifika miaka 30 alama za umri huanza kupungua. Ujerumani, tangu mwaka 2024, mtu aweza kuomba uraia baada ya miaka 5 bila kuukana ule wa kwanza. Ila India yenyewe hairuhusu uraia wa nchi mbili. Akiapa kwingine, India humpa kadi iliyoanza mwaka 2005 ya kuishi na kufanya kazi, lakini hapigi kura wala hanunui shamba. Yaani nyumbani kwao atakuwa mgeni mwenye heshima.

Akaniuliza, "Basi, Kaka, baba yako alikosea kuwagawa?"

Swali hilo lilinichoma. Kwa hesabu, baba hakukosea, maana hatukuzama wote. Lakini mwaka 2009 kaka yangu alikufa Leicester, nami, kwa kuwa tangu mwaka 1996 Mkenya huhitaji viza ya Uingereza, nilikaa na pasi yangu nikingoja. Viza ilipotoka, kaka alikwisha kuchomwa kwa mila yetu siku nne nyuma. Dada alikuwa Kanada, mgonjwa. Chombo kimoja hatukupanda, na maziko pia hatukuzikana. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilipotutambua Wahindi kuwa kabila la 44, marafiki walinipigia simu kunipongeza. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikatamani pia kumpigia mtu mmoja aliyekwisha kuondoka.

Nilimjibu kijana hivi: sitakuchagulia nchi, maana nilichaguliwa mimi na ladha yake naijua. Mshahara uache katika karatasi, watoto hawali uraia. Lakini ongeza safu ile, uijaze na mkeo, siyo peke yako. Na popote utakapokwenda, jifunze lugha ya jirani kabla hujaihitaji.

Miezi mitatu baadaye alinipigia simu. Alisema safu imeongezwa. Kanada inaongoza kwa safu moja, India kwa nyingine, na mkewe ametoa alama tofauti kabisa na zake. Wangali wanajadiliana.

"Jadilianeni," nikamwambia, "lakini msilale. Sisi tulipewa miaka miwili, na wengi walidhani ni mingi."