Shinikizo Kinzani: Ekzosi na Njia ya Hewa ya Gari Lenye Turbo

Katika gereji za Nairobi, kama za Dar es Salaam, mteja anayetaka kubadilisha ekzosi hawezi kutoka bila kusikia neno bakipresha. Fundi mmoja atamwonya asiweke bomba pana, maana injini itakosa bakipresha na kuishiwa nguvu. Wa pili atamwambia aiondoe yote. Wote hutumia neno hilohilo bila kueleza shinikizo lenyewe liko wapi na linasukuma nini. Kwa mwenye Subaru Impreza au Forester yenye turbo, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha zake zitaleta nguvu au kelele.

Wapo wanaolitafsiri neno bakipresha kuwa "shinikizo la nyuma". Naikataa tafsiri hiyo, kwa sababu inamfanya mtu adhani moshi hugeuka na kurudi kwenye injini, au kwamba jambo lote hutokea kule kwenye ncha ya bomba. Kwa jumla moshi haurudi. Kila kizuizi njiani, iwe kona kali, bomba jembamba au sailensa yenye vyumba vingi, huufanya ubanane kabla ya kukifikia, na shinikizo hupanda kuanzia hapo hadi kwenye valvu. Pistoni hulazimika kutumia nguvu kuutoa.

Ninaloliandika mimi ni "shinikizo kinzani". Kinzani imekwisha kuzoeleka kwa wanafunzi kupitia ukinzani wa umeme. Shinikizo nimelichagua badala ya kanieneo ya vitabu vya fizikia kwa sababu tayari liko midomoni mwa watu kupitia shinikizo la damu. Mgandamizo nimeuacha makusudi. Una kazi yake, ambayo ni kueleza jinsi pistoni inavyobana hewa na petroli ndani ya silinda, na mafundi wakianza kuyachanganya hayo mawili hawatasikilizana.

Turbo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka. La pili hubana hewa inayoingia. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Shafti hiyo leo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizungusha ni joto la moshi pamoja na tofauti ya shinikizo kabla ya gurudumu la moshi na baada yake. Kwa hiyo gari la turbo lina shinikizo kinzani la aina mbili. Lile la kabla ya turbo ni gharama halali tunayolipa ili hewa ibanwe. Lile la baada ya turbo ni hasara tupu.

Tuseme shinikizo la moshi, likihesabiwa pamoja na lile la angahewa, ni kilopaskali 240 kabla ya turbo na 120 baada yake, uwiano wa mbili kwa moja. Ukiweka bomba huru zaidi, zile 120 zikashuka hadi 110, turbo inaweza kufanya karibu kazi ileile kwa 220 upande wa injini. Umepunguza kumi nyuma ya turbo, pistoni zimepumzishwa ishirini. Ndiyo maana bomba linaloanzia kwenye turbo, ambalo mafundi huliita daunipaipu, huleta faida kubwa kuliko sailensa ya mwisho inayong'aa.

Imani kwamba injini inahitaji bakipresha ilizaliwa kwenye magari yasiyo na turbo. Huko bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na kasi hiyo ndiyo husaidia kuvuta mabaki kutoka kwenye silinda. Watu waliona nguvu imepungua wakasema shinikizo limekosekana, kumbe kilichopotea ni mwendo.

Upande wa hewa nako hasara huzidishwa. Chujio likizuia kilopaskali tano kabla ya turbo inayobana mara mbili, kumi hukosekana upande wa pili, au turbo izunguke kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto. Mashindano ya dunia ya rally yalitumia kanuni hiyo kudhibiti nguvu: hewa yote ilitakiwa kupita kwenye mdomo wa milimita 34. Mwaka 1995, katika mashindano ya Catalunya, timu ya Toyota ilikutwa na kifaa kilichopitisha hewa pembeni ya mdomo huo, ikafutiwa pointi na kufungiwa miezi 12. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza iliyobanwa na kipimo hichohicho cha 34.

Lakini mdomo mpana si kila kitu. Chujio la wazi lililokaa chini ya boneti huvuta hewa ya moto, na hewa ya nyuzi 60 ina uzito wa karibu asilimia 9 pungufu kuliko ya nyuzi 30. Kwa barabara zetu za vumbi, boksi la kiwandani linalovuta kutoka upande wa madigadi, likiwa na chujio safi linaloziba vizuri, mara nyingi ni chaguo bora. Vumbi likipenya hula mapanga ya turbo. Tena ukipanua bomba lenye kihisi cha hewa, kompyuta husoma vibaya, petroli huwa pungufu, na pistoni zinaweza kupasuka.

Ekzosi huru nayo ina hatari yake: mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni ya turbo unaweza kuzidiwa, hewa ikabanwa kupita kiwango. Programu ya kompyuta ya injini ipangwe upya siku hiyohiyo. Kigeuza sumu chenye platinamu kisitupwe, maana vipo vyenye matundu mapana, na jirani zako nao wanavuta hewa.

Kabla ya kununua, mwombe fundi afungue kihisi cha oksijeni kilicho baada ya turbo, afunge kipimo cha shinikizo mahali pake, kisha gari lipandishe mlima kwa gesi yote. Kipimo kikisogea kidogo tu juu ya sifuri, ekzosi uliyo nayo inatosha. Fedha ziende kwenye intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa, au matairi.