Kutoka Mathari hadi WhatsApp: Tiba ya Maongezi Eldoret

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Carothers alidai kwamba sonona ni ugonjwa wa nadra kwa Waafrika. Alithubutu hata kuufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alichokijua zaidi kilikuwa wodi za Mathari, na walioishia humo ni watu waliokwisha kuwashinda jamaa zao, chifu au polisi. Mtu akeshaye macho usiku kucha, asiyetamani chakula wala kuona haja ya kuamka, lakini hapigi mtu wala havui nguo barabarani, hakupelekwa Mathari. Basi hakuhesabiwa.

Watu wa namna hiyo walikuwako Eldoret kama kwingineko. Mji wenyewe ulichipuka kwenye shamba nambari 64 la walowezi, na hadi leo wenyeji huuita Sisibo. Posta ilifunguliwa 1910, jina la Eldoret likaja 1912, na mwaka 1917 ikajengwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Kwa maradhi makubwa ya akili, tegemeo lilikuwa Mathari, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Kwa huzuni isiyoisha, kulikuwa na wazee wa ukoo, shangazi na mchungaji wa kanisa. Hao walisaidia wengi, ila kwenye boma ambamo kila mtu anamjua mwenzake, siri ilikuwa na miguu.

Mambo yalianza kubadilika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kilipofungua kitivo cha udaktari mjini. Mmoja wa waasisi wake, Profesa Haroun Mengech, alikuwa mwenyewe daktari wa magonjwa ya akili. Ile hospitali ya 1917 ikakua na kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hata hivyo, kilichowafundisha watu wa kawaida wa Uasin Gishu, eneo la Eldoret, kuketi mbele ya mgeni na kumweleza yaliyo moyoni hakikutoka wodi ya akili. Kilitoka kwa Ukimwi.

Mwaka 2001, Chuo cha Moi, hospitali hiyo na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, vilivyokuwa vikishirikiana tangu 1989, vilianzisha mpango wa AMPATH wa kutibu Ukimwi magharibi mwa Kenya. Pamoja na dawa palihitajika maneno: kabla ya kupimwa, baada ya majibu, siku ya kumwambia mke au mume. Likazuka kundi la wafanyakazi ambalo mji haukuwa nalo kwa wingi hivyo, washauri nasaha. Kuanzia 2007 washauri wa AMPATH walikwenda nyumba kwa nyumba sehemu kama Turbo na Kosirai, wakiwapima watu majumbani mwao na kuzungumza nao faraghani.

Ndani ya AMPATH ndimo sonona ilimopata kipimo chake. Watafiti walilijaribu dodoso la PHQ-9 kwa watu 347 wanaoishi na VVU katika vikundi vya kusaidiana vya AMPATH, na matokeo yakachapishwa 2009. Dodoso lenyewe ni karatasi moja. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, hadi lile zito la mwisho, kama umewaza kwamba ni afadhali ungekufa. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, na jumla ya juu kabisa ni 27. Muuguzi asiyekuwa mtaalamu wa akili anaweza kulimaliza kwa dakika chache, hata kwa simu. Lilionekana kufaa huku pia. Dai la Carothers lilikuwa limepata jibu kutoka mkoa uleule ambao wagonjwa wake hawakuwahi kuhesabiwa.

Mafunzo ya kusikiliza yalihitajika upesi kuliko ilivyotarajiwa. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret ukageuka mji wa mahema. Mafarakano hayo yaliacha tatizo ambalo chumba cha ushauri peke yake hakikuliweza: utamweleza nani, ikiwa anayekusikiliza huenda ni wa upande wa waliokutendea?

Kilichokuwa kimefichika kilidhihirika Kosirai. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Dkt. Edith Kwobah, daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Moi. Katika watu 420 waliohojiwa, 191 waligunduliwa kuwa wamewahi kuugua ugonjwa mmoja au mwingine wa akili. Waliokuwa wamekwisha kuambiwa hivyo na daktari walikuwa saba tu. Mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipata madaktari 92 wa magonjwa ya akili katika Kenya nzima.

Kwa hesabu hiyo simu ilikuwa lazima iingie. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na jaribio la WelTel, lililofanywa Nairobi na Kajiado na kuchapishwa 2010. Kila wiki muuguzi alimtumia mgonjwa wa VVU ujumbe wa neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Eldoret ikaenda mbele zaidi. Katika jaribio lililochapishwa 2022, vijana wanaoishi na VVU walipata mshauri kupitia WhatsApp, faraghani na katika makundi ya wenzao. Kijana aliyeogopa kuonekana kliniki sasa aliandika akiwa kitandani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, na washauri waliokuwa wakisitasita wakajikuta wanafanya kazi kwa simu na video. Kwa mteja wa Langas au Huruma, mitaa ya Eldoret, taratibu za ushauri huo ni za kawaida kabisa. Ananunua bando, anavaa vifaa vya masikioni, anatafuta pa kukaa. Hapo ndipo ugumu huanza, kwa kuwa katika chumba kimoja chenye watu watano faragha haipatikani kwa bando. Wengine hutoka hadi nyuma ya nyumba. Wengine huandika tu, wasisikike. Bando likiisha katikati ya kilio, mazungumzo yamekatika. Mwenye nia ya kujidhuru naye anahitaji mtu wa kumfikia kwa miguu, jambo ambalo mshauri aliye Nairobi au London hawezi.

Faida kubwa ya simu, kwa upande mwingine, ni ileile iliyokosekana bomani na hemani: mteja anaweza kumchagua msikilizaji asiyemjua shangazi yake wala jina la ukoo wake. Simu haikuileta tiba ya maongezi Eldoret. Ililikuta zao la washauri wa Ukimwi likiwa limekwisha kukomaa, ikaliondolea macho ya majirani.

Sheria ilichelewa kuliko teknolojia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo aliyemfungulia mshauri moyo wake kuhusu jaribio kama hilo alikuwa pia anakiri jinai. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 9, 2025. Anayetaka kuzungumza na mtu sasa hivi, awe Eldoret au kaunti nyingine yoyote, anaweza kupiga nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hailipishwi.