Zermatt: Kijiji cha Milima ya Alpi Kisichoingiza Gari la Petroli

Zermatt ni kijiji cha kusini mwa Uswisi, karibu na mpaka wa Italia. Kiko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, una mita 5,895. Lakini Matterhorn umechongoka kama ncha ya mkuki, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Kufika kijijini

Magari ya petroli na dizeli ya wageni hayaruhusiwi kuingia. Mwenye gari huliacha Täsch, kilomita 5 hivi kabla ya kijiji, kisha hupanda treni kwa dakika 12. Ndani ya Zermatt watu hutembea kwa miguu au hupanda vigari vya umeme.

Maghala yasiyopandwa na panya

Kabla ya utalii, watu wa hapa waliishi kwa kilimo na mifugo. Katika mtaa wa zamani uitwao Hinterdorf bado yapo maghala yao ya mbao. Yamesimama juu ya nguzo fupi, na juu ya kila nguzo limelazwa jiwe bapa la duara. Panya akipanda nguzo, hukwama kwenye jiwe. Ni akili ileile ya mkulima anayevisha bati miguu ya kihenge.

Mlima unaolisha na kuua

Tarehe 14 Julai 1865, watu 7 walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na 4 wakafa. Kipande cha kamba hiyo kimo katika jumba la makumbusho la kijiji, na karibu na kanisa yapo makaburi ya wapanda mlima. Habari za ajali hiyo zilienea Ulaya nzima, na wageni wakazidi kumiminika.

Siku hizi joto limeongeza hatari. Barafu iliyo ndani ya nyufa ndiyo inayoshika miamba. Ikiyeyuka, mawe huporomoka. Julai 2003 mawe yaliporomoka, na wapandaji wapatao 90 wakaokolewa kwa helikopta.

Mgeni azingatie nini?

Si lazima kupanda Matterhorn ili kuuona. Treni ya Gornergrat, iliyoanza mwaka 1898, humfikisha mtu mita 3,089. Huko juu hewa ni nyepesi: tembea polepole na unywe maji. Kichwa kikiuma sana au ukitapika, shuka mara moja. Beba koti hata mwezi wa Julai, na miwani ya jua, maana mwanga unaorudishwa na theluji huumiza macho.

Anayetaka kilele ajizoeze kwanza, kisha aende na mwongozaji mwenye leseni. Mwongozaji akisema leo hatupandi, msikilize. Pesa uliyolipa si sababu ya kubishana naye.