Uvimbe wa mate: upasuaji uliochelewa kumfikia mbwa

Mbwa akivimba chini ya taya, watu husema ni jipu. Huchomwa sindano, na badala ya usaha hutoka ute mzito wa kuvutika, wenye damudamu. Uvimbe hunywea, mwenye mbwa hushukuru. Majuma machache baadaye umerudi palepale. Yaweza kutokea Shasha, huku Kivu, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, kama ilivyotokea Ulaya kwa muda mrefu.

Ute huo ni mate, na mifereji ya mate ilijulikana zamani. Thomas Wharton wa London alieleza ule wa tezi ya taya mwaka 1656. Pavlov wa Urusi, mshindi wa Nobel ya 1904, aliwapasua mbwa akautoa mfereji nje ya shavu ili apime mate. Ujuzi wote huo, lakini mbwa mgonjwa hakufaidika. Wapo waliodhani uvimbe ni kasoro ya kuzaliwa, wakahangaika na kifuko cha uvimbe chenyewe.

Aliyetafuta panapovuja ni daktari wa mifugo wa Glasgow, John Glen. Mwaka 1966 alichapisha kazi yake: aliingiza ndani ya mfereji wa mate dawa inayoonekana kwenye eksirei, akaukuta umepasuka upande wa tezi ya chini ya ulimi. Mwaka 1972 alitoa matokeo ya mbwa 50. Kukamua kifuko, basi, ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Ndiyo maana leo mpasuaji huondoa tezi ya taya pamoja na jirani yake ya chini ya ulimi, kwani zimeshikana. Asipojua ni upande gani, humlaza mbwa chali; mara nyingi uvimbe huegemea upande wenye ugonjwa. Mdomo haukauki, maana tezi nyingine zinabaki.

Glen huyohuyo baadaye aligundua propofol, dawa ya usingizi inayotumika hospitalini duniani kote, akapewa tuzo ya Lasker mwaka 2018. Wagonjwa wengi wanaolazwa usingizi kwayo hawajui kwamba mgunduzi wake alianzia kwenye mate ya mbwa.

Kwetu Kivu kuna la kutangulia kisu: kichaa cha mbwa. Mbwa anayetiririka mate na kubadilika tabia usimtie kidole mdomoni, wala usimpasue uvimbe kwa wembe. Mfungie, umwite veterineri. Na akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo.