Rinkeby na ligi ya pili ya hoki ya barafuni

Kitongoji cha Rinkeby, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, kinajulikana Afrika Mashariki kama makazi ya Wasomali na wahamiaji wengine. Hakijulikani kwa hoki ya barafuni, mchezo unaopendwa mno Sweden wakati wa baridi. Hata hivyo, ligi ya daraja la pili imechezwa kwa miaka mingi mwendo mfupi wa treni kutoka hapo, na mtoto wa Mkenya aliwahi kuipitia.

Msimu wa 2024-25

Ligi hiyo, HockeyAllsvenskan, ilikuwa na klabu 14. Kila klabu ilikutana na nyingine mara nne, hivyo kucheza mechi 52 kuanzia Septemba. Ushindi ndani ya dakika 60 ulileta pointi tatu. Uliopatikana katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju ulileta mbili, na aliyeshindwa akaambulia moja.

Baada ya hapo ulifuata mtoano, na bingwa wake peke yake ndiye aliyepanda ligi kuu, SHL. Fainali ya mwaka 2025 iliwakutanisha mahasimu wa Stockholm, AIK na Djurgården, klabu zilizoanzishwa mwaka 1891. Djurgården, bingwa wa Sweden mara 16, ilishinda na kurejea ligi kuu iliyoshuka mwaka 2022. AIK, iliyoshuka mwaka 2014, ilibaki chini.

Kutoka Hammarby hadi Chicago

Johnny Oduya alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake akiwa Mkenya. Alicheza daraja la pili akiwa na Hammarby, klabu ya jiji hilo, kabla ya kujiunga na Djurgården mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye aliingia ligi ya Amerika ya Kaskazini, NHL. Alitwaa Kombe la Stanley na Chicago Blackhawks mwaka 2013 na 2015, na medali ya fedha ya Olimpiki na Sweden mwaka 2014.

Kikwazo cha gharama

Rinkeby ilijengwa chini ya mpango wa serikali wa nyumba milioni moja, uliotekelezwa kati ya 1965 na 1974. Treni ya chini ya ardhi ilifika mwaka 1975. Kwa hiyo umbali si kikwazo kikubwa.

Kikwazo ni gharama na mazoea. Soka huhitaji mpira na uwanja. Hoki huhitaji viatu vya kuteleza, kofia ngumu, kinga za mwili na magongo, na vifaa hivyo hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Mzazi ambaye hakuwahi kuteleza hana la kumfundisha mwanawe, ilhali watoto wengi wa Kiswidi huanza wakiwa wadogo sana.

Mfano wa Borlänge

Pengo hilo limewahi kuzibwa. Mwaka 2013 vijana wa Kisomali wa mji wa Borlänge, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga barafu, waliunda timu ya taifa ya bandy, mchezo wa barafuni unaotumia mpira mdogo na wachezaji 11 kila upande. Waliiwakilisha Somalia katika mashindano ya dunia huko Irkutsk, Urusi, mwaka 2014, wakifundishwa na Per Fosshaug, mchezaji wa zamani wa Sweden.

Walipoteza mechi zote. Lakini Borlänge ilionyesha kwamba kijana akipewa viatu, mwalimu na muda wa kufanya mazoezi, barafu si ya Waswidi peke yao.